Namna ya Kueleza Safu za Herufi Moja katika DNA

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi afundishaye sayansi hawezi kulikwepa swali la urithi. Awe anafundisha habari za kuku na vifaranga, za mbegu na mche, au za mwili wa binadamu, haupiti muda kabla mwanafunzi mmoja hajanyosha mkono na kuuliza: ni kitu gani hasa kinachotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto? Na mbona mtoto hafanani na mzazi wake kwa kila jambo? Kumjibu kwamba "ni vinasaba" ni sawa, lakini jibu hilo ni jina tu. Mtoto aliyepewa jina bila maelezo huliandika daftarini, hulikariri, na baada ya mtihani hulisahau.

Katika makala haya tunakusudia kueleza sehemu moja ndogo ya somo la urithi, nayo ni safu za herufi moja katika DNA. Yaani mahali ambapo herufi ile ile hujirudia mfululizo bila kuingiliwa na nyingine. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha waziwazi jinsi makosa ya kunakili yanavyotokea ndani ya seli, na mwanafunzi anaweza kuyaona makosa ya namna hiyo kwa kutumia kokwa na punje alizookota mwenyewe. Pili, makosa hayo si jambo la vitabuni tu. Yanahusika na vimelea vya malaria, na viini vya kifua kikuu, na magonjwa mengine yanayotufika majumbani.

Hatusemi kwamba watoto wa shule ya msingi wafundishwe kila kitu kilichomo humu. Lakini mwalimu hana budi kujua zaidi ya yale atakayoyasema darasani, la sivyo swali la kwanza litamkwamisha.

Mifano yetu tumeiweka Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Zana tutakazozitaja zinapatikana hapo bila gharama, na ni kwenye mwalo huo huo ambapo boti za abiria ziendazo vijiji vya kaskazini na Gombe huanzia safari. Huko Gombe, kama tutakavyoona, DNA imejibu swali ambalo macho ya watu hayakuweza kulijibu kwa miaka mingi. Mwalimu aliye mahali pengine atafute mifano ya kwao.

Herufi nne

DNA ni uzi mrefu mwembamba uliomo ndani ya seli za viumbe hai. Uzi huo umejengwa kwa vipande vya aina nne viitwavyo besi: adenini, thaimini, guanini na sitosini. Kwa ufupi tunaziandika A, T, G na C, na kwa ajili ya kufundishia tutaziita herufi. Nyuzi huwa mbili, zimekabiliana na kusokotana kama kamba. Penye A katika uzi mmoja pana T katika uzi wa pili. Penye G pana C. Kwa sababu hiyo, ukiusoma uzi mmoja unaweza kuuandika wa pili bila kuuona.

Jumla ya herufi zote za kiumbe huitwa jenomu. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Ya kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum ina zipatazo milioni 23, zilizogawanyika katika kromosomu 14. Ya bakteria wa kifua kikuu ina zipatazo milioni 4.4. Kila seli inapojigawa, herufi zote hizo hunakiliwa upya.

Mwanafunzi aelewe mapema kwamba si herufi zote zinazotoa maagizo ya kujenga protini. Kwa binadamu, zitoazo maagizo hayo hazizidi asilimia 2. Safu nyingi za herufi moja zimo katika sehemu nyingine zilizobaki, na kosa linapotokea humo mara nyingi halidhuru kitu. Hatari huanza pale safu inapokuwa ndani ya jeni au karibu na mlango wake.

Kwa nini safu ya herufi moja hukosewa

Anayenakili DNA ni kimeng'enya, ambacho hupita juu ya uzi wa zamani kikijenga uzi mpya herufi kwa herufi. Kazi yake ni ya uangalifu mkubwa. Hata hivyo, kinapofika mahali palipoandikwa AAAAAAAAAA, ugumu hutokea. Nyuzi mbili zinaweza kuachana kidogo na kushikana tena. Mahali penye herufi mchanganyiko, haziwezi kushikana vibaya kwa urahisi, maana A haikubali kukabili C. Lakini mahali ambapo upande mmoja wote ni A na upande wa pili wote ni T, uzi ukisogea hatua moja bado kila herufi inampata mwenzake. Kosa halionekani.

Mfano mzuri wa jambo hili uko mwilini mwa wanafunzi wenyewe, nao ni vifungo vya shati. Vifungo vyote ni sawa na matundu yote ni sawa. Kwa hiyo mtoto anaweza kukifunga kifungo cha pili katika tundu la tatu, akaendelea hadi chini, na kila kifungo kikapata tundu. Kitambaa hutuna mahali pamoja, na mwishoni pande mbili hazilingani. Kama kila kifungo kingekuwa na umbo lake na tundu lake, kosa lingegunduliwa mara moja. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika DNA. Herufi moja hutuna nje ya safu. Ikiwa iliyotuna ni ya uzi mpya, safu mpya itazidi kwa herufi moja. Ikiwa iliyotuna ni ya uzi wa zamani, safu mpya itapungua kwa herufi moja.

Safu inapokuwa ndefu, nafasi za kuteleza huongezeka. Safu ya herufi 3 au 4 hukosewa kwa nadra. Safu ya 10 hukosewa zaidi. Safu ya 20 au 30 hukosewa mara nyingi zaidi. Seli zina vimeng'enya vya ukaguzi ambavyo hupita nyuma ya mnakili na kusahihisha. Vimeng'enya hivyo vikiharibika, idadi ya herufi katika safu hubadilika ovyo. Katika baadhi ya saratani za utumbo mpana jambo hilo ndilo hutokea, na hospitali kubwa hupima safu mbili za A, moja yenye A zipatazo 25 na nyingine zipatazo 26, ili kutambua saratani za aina hiyo. Safu zikiwa zimefupika katika uvimbe kuliko katika sehemu nzima ya mwili, daktari hujua kwamba ukaguzi umevunjika.

Mchezo wa kunakili

Maelezo hayo yote yatakuwa maneno matupu kama wanafunzi hawatayatenda. Tunapendekeza mchezo ufuatao, ambao unahitaji vipindi viwili.

Zana. Kokwa za mchikichi (mise) kwa ajili ya A. Punje za mahindi kwa T. Maharage kwa G. Vijiwe vya ufukweni kwa C. Kila kikundi cha wanafunzi 6 kipate kokwa 150 na 40 za kila aina nyingine. Wanafunzi wazikusanye wenyewe siku iliyotangulia.

Hatua ya kwanza. Mwalimu apange juu ya meza au mkekani safu mbili, kila moja ya vitu 24. Safu ya kwanza iwe mchanganyiko, na vitu viwili vya namna moja visikae jirani. Safu ya pili iwe kokwa tupu.

Hatua ya pili. Mnakili wa kwanza akae akiipa mgongo safu ya asili. Ageuke, atazame, arudi, aweke kitu kimoja mbele yake; ageuke tena kwa cha pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Haruhusiwi kuhesabu, wala kugusa, wala kuonyesha kwa kidole. Akimaliza, mnakili wa pili anakili nakala ya kwanza, si safu ya asili. Wa tatu anakili nakala ya pili, mpaka wa tano. Mwanafunzi wa sita ni msimamizi na mwandishi.

Hatua ya tatu. Vikundi vihesabu nakala za tano na kuandika ubaoni: safu ya mchanganyiko ilikuwa 24, sasa ni ngapi? Safu ya kokwa ilikuwa 24, sasa ni ngapi? Kwa kawaida safu ya kokwa ndiyo itakayozidi au kupungua. Ikiwa kikundi fulani hakikukosea, mwalimu asione haya. Aiongeze safu ya kokwa ifike 40, kisha ajaribu na safu ya kokwa 5, ili wanafunzi waone jinsi urefu unavyoathiri kosa.

Hatua ya nne ndiyo iliyo muhimu kuliko zote: mwalimu aulize kwa nini. Awaache wanafunzi wajibu kwa maneno yao. Mtoto wa Kibirizi aliyezoea kuona dagaa wameanikwa atasema kwamba ukitazama kichanja cha dagaa watupu, ukainua macho na kuyarudisha, hujui tena ulikuwa umefikia dagaa yupi. Lakini kama kati yao kuna mgebuka mmoja na kuhe mmoja, unarudi pale ulipoachia. Hilo ni jibu kamili. Herufi zilizochanganyika zina alama za njia. Safu ya herufi moja haina. Mwalimu akilipata jibu hili kutoka kwa mtoto, alitumie katika maelezo yake yote yanayofuata.

Yafaa tuonye hapa kwamba mchezo huu ni mfano tu. Kimeng'enya hakina macho wala hakisahau. Kinachoteleza ni nyuzi zenyewe. Mwalimu aliseme jambo hili waziwazi, kisha arudi kwenye mfano wa vifungo vya shati, ambao uko karibu zaidi na ukweli.

Madhara ya herufi moja

Jeni husomwa kwa mafungu ya herufi tatu tatu, na kila fungu hutaja kipande kimoja cha protini. Hakuna nafasi kati ya fungu na fungu. Ili kuonyesha maana yake, mwalimu aandike ubaoni sentensi hii ya maneno ya herufi tatu:

KAA ULE YAI PIA

Kwanza abadilishe herufi moja tu, kwa mfano I ya neno la tatu iwe U:

KAA ULE YAU PIA

Neno moja limeharibika, lakini mengine yamesalimika na msomaji anaweza kubahatisha maana. Sasa airudishe sentensi ya asili na kuifuta A moja katika neno la kwanza, kisha herufi zisogee na kusomwa tena tatu tatu:

KAU LEY AIP IA

Sentensi nzima imekufa. Kadhalika akiongeza A moja:

KAA AUL EYA IPI A

Lakini akiongeza A tatu:

KAA AAA ULE YAI PIA

Limeingia neno moja la kigeni, na sentensi iliyobaki imesimama. Wanafunzi wenyewe watambue kanuni: kuzidi au kupungua kwa herufi 1 au 2 huvuruga kila kinachofuata; kuzidi au kupungua kwa herufi 3 huongeza au hupunguza neno moja tu. Tuangalie pia kwamba kosa limeingia pale penye A mbili pamoja. Safu ya herufi moja ndani ya jeni ni mahali dhaifu pa jeni hiyo.

Safu hizi katika viumbe mbalimbali

Viumbe havilingani katika wingi wa safu hizi. Sababu ya kwanza ni hesabu tu, na mwalimu anaweza kuikokotoa. Katika kimelea cha malaria tulichokitaja, ambacho jenomu yake ilichapishwa mwaka 2002, herufi A na T ni kiasi cha asilimia 81 ya zote. Tuseme basi A ni 40 katika kila 100. Kama herufi zingepangwa kwa bahati tu, uwezekano wa kukuta A kumi mfululizo ni 0.4 ikizidishwa kwa yenyewe hata ziwe kumi, ambayo ni kama mara 1 katika nafasi 10,000. Katika bakteria wa kifua kikuu, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 1998, mambo ni kinyume: G na C ndizo zinazokaribia asilimia 66, na A ni kama 17 katika 100. Hesabu ile ile inatoa mara 1 katika nafasi milioni 50 hivi, nazo herufi zake zote hazifiki milioni 5. Hesabu hii haitoi idadi halisi, lakini inaonyesha kwa nini kimelea kimoja kimejaa safu za A na T, na kingine hakina nafasi ya kuwa nazo.

Sababu ya pili ni historia ya jenomu yenyewe. Kwa binadamu, safu ndefu za A ni nyingi kuliko bahati peke yake ingavyotoa. Zimo katika jenomu yetu nakala zaidi ya milioni 1 za kipande kifupi kiitwacho Alu, chenye herufi zipatazo 300, ambacho zamani kilijinakili na kujipachika huku na huku. Kila kilipojipachika kilikuja na mkia wa A nyingi. Nakala hizo pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya jenomu yetu. Basi tunabeba ndani ya seli zetu mikia ya A mamia ya maelfu.

Sababu ya tatu ni faida na hasara. Katika bakteria wengi safu ndefu ni chache, kwa kuwa jeni zao zimesongamana na kosa dogo huua. Pamoja na hayo, wapo wanaozitumia safu hizo kama swichi ya taa. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo aitwaye Neisseria meningitidis ana safu ya G mbele ya jeni ya protini moja ya ngozi yake. Zikiwa G 11, protini hutengenezwa kwa wingi. Zikiwa 10, kwa kiasi. Zikiwa 9, haitengenezwi kabisa. Kwa kuteleza tu wakati wa kunakili, baadhi ya watoto wa bakteria mmoja huvaa protini hiyo na wengine huivua. Kinga ya mwili ikijifunza kuwatambua waliovaa, waliovua hubaki.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni wa kifua kikuu. Bakteria wake ana jeni iitwayo glpK, inayomsaidia kutumia gliseroli kama chakula. Ndani ya jeni hiyo mna safu ya C saba. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba C ikiongezeka moja zikawa nane, usomaji wa mafungu matatu matatu huvurugika na jeni hunyamaza, kama ile sentensi yetu ya yai. Bakteria wa namna hiyo hukua polepole zaidi, na dawa huchelewa kumuua. Ajabu ni kwamba kosa hilo hurudi nyuma: C moja ikipotea, jeni huamka. Bakteria hakupata silaha mpya. Amejikunyata kwa muda akisubiri hatari ipite. Jambo hili linatusaidia kuelewa moja ya sababu zinazofanya matibabu ya kawaida ya kifua kikuu yawe ya miezi mingi, na kwa nini mgonjwa aliyepata nafuu baada ya wiki chache hatakiwi kuacha dawa. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi habari hii kwa kokwa saba na kokwa nane amewapa sababu ya kumhimiza mgonjwa nyumbani, nayo ina nguvu kuliko amri tupu.

Kwa upande wa malaria, wingi wa safu za A na T, pamoja na marudio mengine mafupi, hufanya herufi kuzidi na kupungua mara nyingi sana katika kimelea hicho kila kinapojigawa. Adui anayebadilika hivyo hachoki kutuletea kazi mpya ya kutafuta dawa na chanjo.

Mimea nayo haikuachwa. Ndani ya kloroplasti, zile sehemu za seli zinazoyapa majani rangi ya kijani, mna DNA fupi yenye safu za A au T. Katika mimea mingi yenye maua, kloroplasti hurithiwa kwa upande wa mama. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha urefu wa safu hizo ili kufuatilia mbegu ilikotoka.

Kutoka kosa hadi ushahidi: sokwe wa Gombe

Mpaka hapa tumelitazama kosa kama hasara. Lakini kosa linalorithiwa ni alama pia, na alama husaidia kutambua ukoo.

Jane Goodall alifika Gombe mwezi Julai mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe, na mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Kwa miaka mingi watafiti na wasaidizi wao, wengi wao wenyeji wa vijiji vya Kigoma, waliwafuata sokwe msituni na kuandika nani mtoto wa nani. Mama alijulikana, kwa sababu mtoto humng'ang'ania mgongoni. Baba hakujulikana, kwa sababu jike hukutana na madume kadhaa. Jibu lilitoka katika manyoya yaliyoachwa viotani na katika kinyesi kilichookotwa njiani, bila kumgusa mnyama. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa DNA uliowatambua baba wa watoto kadhaa wa Gombe.

Njia yenyewe tunaweza kuifundisha kwa mfano wa kubuni. Kila sokwe ana nakala mbili za kila safu, moja ya mama na moja ya baba. Tuseme mtoto ana safu za marudio 12 na 15. Mama yake ana 12 na 14. Basi 12 imetoka kwa mama, na 15 haina budi kuwa imetoka kwa baba. Dume wa kwanza ana 12 na 13. Dume wa pili ana 15 na 16. Dume wa tatu ana 13 na 14. Ni nani anayeweza kuwa baba? Mwanafunzi ajuaye kulinganisha namba atajibu bila shida. Ndipo mwalimu aongeze swali gumu: je, safu moja yatosha kuthibitisha? Haitoshi, kwa maana dume mwingine asiyepimwa anaweza kuwa na 15 pia. Kwa hiyo hupimwa safu nyingi.

Hapa pana jambo ambalo hatupaswi kuliruka. Safu zinazotumiwa kwa kazi hii kwa kawaida si za herufi moja, bali za kipande kifupi cha herufi mbili, tatu au nne kinachorudiwa, mfano CACACACA. Sababu yake wanafunzi wameshaiona mkekani. Safu ya herufi moja huteleza mno, hata katika maabara, ambako DNA hunakiliwa mara nyingi kabla ya kupimwa. Nakala zikitofautiana, mtafiti hajui kama tofauti ni ya mnyama au ya chombo chake. Hata baadhi ya mashine za kisasa, zinazosoma DNA kwa kuupitisha uzi katika tundu dogo sana, hupata taabu kuhesabu safu ndefu ya herufi moja. Udhaifu wa mnakili aliye ndani ya seli umekuwa udhaifu wa msomaji aliye nje.

Mambo ya kuangaliwa darasani

Kwanza, mwalimu asitumie wanafunzi wala wazazi wao kama mifano ya urithi. Swali kama "Nani hapa hafanani na baba yake?" linaweza kuvunja nyumba. Kufanana kwa sura si ushahidi wa nasaba, na darasa si mahali pa kutafutia baba. Mfano wa sokwe unatosha, na hauumizi mtu. Mtoto akileta swali la nyumbani kwao, ajibiwe kwa upole na faraghani.

Pili, asiseme kwamba kila badiliko la DNA ni ugonjwa. Mengi hayana athari yoyote, na mengine ndiyo yanayofanya viumbe vya jamii moja vitofautiane.

Tatu, asiwaandikishe wanafunzi maelezo kabla ya mchezo. Tumeona vipindi vingi vya sayansi vikipita kwa kunakili ubao, mwanafunzi akiandika bila kujua anachoandika. Mtoto anakilie kwa kokwa kwanza, akosee, aulize kwa nini, kisha ndipo aandike. Maelezo yatakayoandikwa yawe mistari mitano au sita iliyotungwa na darasa lenyewe.

Nne, kokwa na punje zihesabiwe na kurudishwa. Mahindi na maharage ni chakula, na hayafai kutupwa baada ya kipindi.

Maswali ya kupima

1. Kwa nini shati lenye vifungo vya aina moja hufungwa kombo kwa urahisi? Jambo hilo linafananaje na safu AAAAAAAA?

2. Andika MTO HUO UNA KAA. Futa O ya neno la kwanza, usome upya tatu tatu. Kisha irudishe, ufute neno zima HUO. Ni kosa lipi limeharibu zaidi, na kwa nini?

3. Safu ya kokwa 6 na safu ya kokwa 30 zikinakiliwa mara tano, ni ipi unayotazamia ibadilike? Fanya jaribio uone.

4. Mtoto wa sokwe ana 9 na 11. Mama yake ana 11 na 13. Baba amempa ngapi?

5. Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anayejisikia vizuri anatakiwa kuendelea na dawa mpaka mwisho?

Hitimisho

Safu ya herufi moja ni sehemu rahisi kuliko zote za DNA kuiandika, na ni ngumu kuliko zote kuinakili bila kosa. Katika kosa hilo moja mna ugonjwa, mna kinga ya viini dhidi yetu, na mna alama za ukoo. Mwalimu hahitaji maabara ili kulieleza. Anahitaji kokwa, subira ya kuwaacha watoto wakosee, na ujuzi wa kuwauliza swali baada ya kosa. Tunawashauri wanachuo waujaribu mchezo huu wao kwa wao wakati wa mazoezi ya kufundisha, kabla ya kwenda nao shuleni, na waandike idadi walizozipata, ili waingie darasani wakiwa na matokeo yao wenyewe mkononi.